Mvua ya Kwanza katika Nchi ya Bwana Wetu

Mwezi wa Oktoba ukiingia, sisi watu wa kusini ya Katanga twatembea macho yakiwa juu. Tangu mwezi wa Mei hatujaona tone. Majani yameungua, vijito vimebaki mchanga mtupu, na vumbi jekundu limekaa juu ya kila kitu, hata juu ya vitabu vya nyimbo kanisani. Miti ya porini imekwisha kutoa majani yake mapya mekundu bila kungoja mvua, lakini mkulima hana mizizi mirefu kama mti. Yeye lazima angoje. Kisha siku moja mchana upepo wageuka, na harufu ya udongo uliolowa yatufikia kutoka mbali kabla ya mvua yenyewe. Watoto watoka nje wakipiga kelele, mama waweka masufuria na ndoo chini ya mabati, na hata wazee wasimama mlangoni wakinyosha mkono ili tone liwaangukie kiganjani. Usiku ule kumbikumbi waruka kuzunguka taa. Asubuhi yake, kabla ya kengele ya Misa, twasikia majembe.

Basi, wengi wetu twasoma Maandiko Matakatifu kana kwamba Palestina ni nchi ya Ulaya, yenye majani mabichi mwaka mzima. Sivyo kabisa. Nchi alimozaliwa Bwana Wetu Yezu Kristu yafanana na yetu kwa jambo hili moja kubwa: ina kiangazi kirefu kisicho na mvua, na watu wake pia huingoja mvua ya kwanza katika mwezi wa Oktoba au Novemba. Tofauti ni kwamba kwao kiangazi ndiyo majira ya jua kali, na mvua huja pamoja na baridi. Kwetu baridi huja katikati ya kiangazi, mwezi wa Juni na Julai, na mvua huja pamoja na joto. Tena mvua yao ni kidogo kuliko yetu. Yerusalemu hupata karibu milimita 550 kwa mwaka, hali Lubumbashi hupata zaidi ya milimita 1,200. Mtu mwenye kidogo huhesabu vizuri kuliko mwenye kingi. Ndiyo maana watu wa nchi ile walihesabu mvua yao kwa uangalifu ambao twaweza kuustaajabia.

Walikuwa na jina kwa kila mvua. Mvua ya kwanza, ile ilainishayo ardhi baada ya kiangazi, waliiita yore. Ile ya mwisho, mwezi wa Machi na Aprili, iliyojaza masuke ya ngano kabla ya mavuno, waliiita malkoshi. Mtume Yakobo anapomsifu mkulima anayesubiri kwa uvumilivu mvua ya mwanzo na ya mwisho, hasemi mafumbo. Ataja mvua mbili ambazo kila mtoto wa Galilaya alizijua kwa majina yake. Na kitabu cha Kumbukumbu la Torati chaeleza waziwazi tofauti ya nchi ile na Misri. Misri ilikunywa maji ya Mto Nili. Mtu alipanda mbegu akaimwagilia kwa kazi ya miguu yake, kama bustani ya mboga. Lakini nchi ya Kanaani ni ya milima na mabonde, nayo hunywa maji yatokayo mbinguni. Mmisri aliweza kulima akitazama chini, kwenye mfereji wake. Mwisraeli alilazimika kutazama juu.

Mwaka 1908, mtaalamu aitwaye R. A. S. Macalister, akichimba magofu ya mji wa zamani wa Gezeri, alipata kibao kidogo cha jiwe la chokaa ambacho wenye elimu wanakihesabu kuwa cha karne ya 10 kabla ya Kristu, yaani karibu na wakati wa Mfalme Solomoni. Sasa kimewekwa katika jumba la makumbusho la Istanbul. Juu yake mtu ameandika mistari saba, pengine mwanafunzi aliyejifunza kuandika, akitaja miezi ya mwaka kwa kazi za shamba: miezi miwili ya kukusanya matunda, miezi miwili ya kupanda, miwili ya kupanda kwa kuchelewa, mwezi wa kung'oa kitani, mwezi wa kuvuna shayiri, na kadhalika mpaka matunda ya kiangazi. Tazameni jinsi mwaka wenyewe unavyoanza: kwanza kukusanya, na mara baada yake kupanda. Katikati ya kazi hizo mbili ndipo mvua ya kwanza inapokaa, ingawa kijana yule hakuiandika. Hakuhitaji. Nani angepanda kabla yake?

Na tuingie sasa katika shamba moja la milimani kwa Yuda, mwisho wa kiangazi. Ngano na shayiri zimekwisha kupurwa, na uwanja wa kupuria lazima uwe mtupu kabla mawingu hayajafika. Mizeituni imejaa, lakini matunda yamefunikwa na vumbi. Mkulima angependa mvua moja iyaoshe kabla ya kuyachuma. Ardhi imepasuka, imekuwa ngumu kama tofali lililochomwa. Jembe lao la kukokotwa na ng'ombe lilikuwa la mti, lenye ncha ya chuma tu. Halikuweza kuingia katika udongo ule hata kama ng'ombe wangekuwa wanne. Hivyo mvua ya kwanza haikuwa baraka ya kuikuza mbegu tu. Ilikuwa ruhusa ya kuanza kazi. Kitabu cha Methali kinapomcheka mvivu asiyelima kwa sababu ya baridi, kinamsema mtu ambaye mvua imemfungulia mlango, naye amebaki karibu na moto.

Nyumbani palikuwa na kazi mbili za haraka. Kwanza birika. Katika milima ile chemchemi ni chache, basi watu walichimba mashimo katika mwamba, wakayapaka lipu ya chokaa yasivuje, wakaelekeza maji ya paa na ya uani yaingie humo. Jiwe la Mesha, mfalme wa Moabu, lililoonekana huko Dhiban mwaka 1868 na ambalo sasa liko Paris, lasimulia kwamba mfalme huyo aliwaamuru watu wa mji wake kila mmoja ajichimbie birika nyumbani mwake, kwa kuwa mji haukuwa nalo. Hayo yalikuwa katika karne ya 9 kabla ya Kristu. Mwisho wa kiangazi birika huwa na tope chini; ndio wakati wa kulisafisha na kuziba nyufa. Birika lenye ufa halijulikani kuwa bovu mpaka mvua imepita na maji yamekwenda, na hapo hakuna dawa tena mpaka mwaka mwingine. Nabii Yeremia aliwalinganisha watu walioiacha chemchemi ya maji ya uzima na watu waliojichimbia mabirika ya namna hiyo. Wasikilizaji wake hawakuhitaji katekista wa kuwaeleza.

Kazi ya pili ilikuwa paa. Nyumba zao zilikuwa na paa bapa: boriti, juu yake matawi na matete, juu yake udongo ulioshindiliwa. Jua la kiangazi hulipasua paa hilo. Kwa hiyo mvua ikianza, mwenye nyumba hupanda juu na jiwe la mviringo, akalisukuma huku na huku ili udongo ulioloa ujifunge. Asiyefanya hivyo hulala chini ya matone. Kitabu cha Methali chamlinganisha mke mgomvi na paa livujalo siku ya mvua. Tusiseme zaidi juu ya hilo, kwani wake zetu pia wanalisoma gazeti hili.

Kisha mbegu. Hapa ndipo moyo wa jambo. Mwisho wa kiangazi chakula cha mwaka uliopita kimepungua, na mbegu iliyomo katika mtungi ni chakula pia. Mama aitazama, watoto waitazama. Kuitupa ardhini ni kuwanyima watoto leo ili wale baada ya miezi sita. Zaburi yasema juu ya watu wapandao kwa machozi, na zamani tulipokuwa seminarini tulidhani ni maneno ya ushairi tu. Baadaye tulifundisha katika vijiji ambako mwezi wa Novemba watu hula bukari mara moja kwa siku, tukaona mama akipima mahindi ya mbegu kwa kikombe, akirudisha kiganja kimoja katika sufuria. Sasa twaelewa.

Na hatari kubwa ni mvua ya uwongo. Mvua ya kwanza ikinyesha siku moja, kisha jua likarudi kwa wiki tatu, mbegu iliyoota hufa. Baba yetu mwaka mmoja alipanda shamba lote baada ya mvua moja nzuri ya katikati ya Oktoba, akiwacheka majirani waliongoja. Hakuna tone lingine lililoanguka kwa siku nyingi. Yaliyoota yalikauka, yasiyoota yalichukuliwa na kwale na mchwa, na mama yetu alikwenda kwa kaka yake kuomba mbegu, safari ya siku moja kwa miguu, jambo ambalo baba hakupenda lisimuliwe mbele ya wageni.

Walimu wa Wayahudi walilijua shaka hilo, nao walishindana juu yake kama wazee wetu wanavyoshindana. Maneno yao yamehifadhiwa katika Mishna, iliyokusanywa karibu na mwaka 200 baada ya Kristu, na katika Talmudi iliyofuata. Walihesabu mvua tatu za mwanzo katika mwezi wao wa Marheshwani, ambao huangukia Oktoba na Novemba. Rabi Meiri alisema: ya kwanza siku ya 3, ya pili siku ya 7, ya tatu siku ya 17. Rabi Yuda alisema: siku ya 7, ya 17 na ya 23. Rabi Yose alichelewesha zaidi. Hawakukubaliana, na kutokukubaliana kwao kwaonyesha kwamba walikuwa wakulima wa kweli au watoto wa wakulima. Walitaka pia kujua mvua inatosha lini. Jibu moja lasema: katika ardhi kavu, maji yakiingia upana wa kiganja kimoja, katika ardhi ya katikati, viganja viwili, katika ardhi iliyolimwa, viganja vitatu. Hakuna chombo cha kupimia kilichohitajika ila jembe na mkono. Nao Waarabu wakulima wa Palestina, Wakristu na Waislamu, waliiweka alama nyingine: sikukuu ya Mtakatifu Georgi wa Lidda, 16 Novemba, ndiyo siku ya kuwa tayari na ng'ombe na mbegu.

Jambo moja la Mishna latupendeza kuliko yote. Sikukuu ya Vibanda huwa mwisho wa mavuno, kabla tu ya majira ya mvua. Watu walitoka mbali sana, wengine hata kutoka nchi ya mto Eufrate, wakaja Yerusalemu kusali. Basi lini waanze kuomba mvua? Rabani Gamalieli akasema: siku ya 7 ya Marheshwani, yaani siku 15 baada ya Sikukuu, ili msafiri wa mwisho afike kwanza Eufrate. Fikirini, wapenzi. Ardhi imekauka, mifugo ina kiu, mbegu ziko tayari, na bado taifa zima lafunga kinywa siku 15 ili mtu mmoja wa mbali asiloe njiani.

Mvua ikichelewa, kulikuwa na utaratibu. Ikifika siku ya 17 ya Marheshwani bila mvua, watu wachache walioheshimiwa walianza kufunga siku tatu, pasipo kuwalazimisha wengine. Ukiandama mwezi uliofuata, Kislewi, bila mvua, baraza liliamuru watu wote wafunge siku tatu. Bado? Siku tatu nyingine, zilizo kali zaidi: hakuna kazi, hakuna kuoga, hakuna kuvaa viatu. Bado? Siku saba nyingine, na baragumu zikapigwa. Zote pamoja zilikuwa siku 13. Katika siku hizo walilitoa nje sanduku la Torati mpaka uwanja wa mji, wakaweka majivu juu yake, na majivu juu ya kichwa cha mkuu wa taifa na cha mkuu wa baraza, kisha kila mtu akajipaka mwenyewe. Mzee akawaambia kwamba watu wa Ninawi hawakusamehewa kwa sababu ya magunia waliyovaa bali kwa kuwa waliziacha njia mbaya. Na wa kuongoza sala alichaguliwa mzee aliyezoea kusali, aliye na watoto, na ambaye nyumba yake haina chakula. Hawakumtafuta tajiri mwenye sauti nzuri. Walitaka mtu ambaye njaa ingemfundisha kuomba.

Jambo la kuangalia katika utaratibu huo ni hili: hakuna siku hata moja kati ya zile 13 ambayo watu waliambiwa wamtafute aliyeifunga mvua. Majivu yalianza juu ya kichwa cha mkuu.

Twalisema hili kwa sababu. Mwaka mmoja mvua ilichelewa mpaka Majilio yalikuwa yamekwisha kuanza, na katika kijiji kimoja tulichofundisha watu walianza kunong'ona juu ya mama mmoja mjane, mzee sana, aliyeishi peke yake. Walisema ameifunga mvua katika chungu. Kwa nini yeye? Kwa kuwa mwaka uliotangulia shamba lake dogo lilizaa vizuri kuliko ya wengine. Vijana walikwenda usiku, wakavunja vyungu vyake vyote, hata chungu cha maji, wakatafuta ndani na hawakuona kitu ila majivu na maharagwe ya mbegu. Tulimleta akalala katika chumba cha darasa usiku tisa. Kati ya wale vijana walikuwamo wawili waliokuwa wakijiandaa kupokea Kipaimara. Tulipowauliza, mmoja alijibu: "Mwalimu, mvua haikai juu bila sababu." Tulikuwa na maneno mengi ya vitabu, lakini siku ile hatukupata hata moja la kumjibu. Mvua ilinyesha siku ya kumi. Hakuna aliyemlipa vyungu vyake.

Baadaye tulimsomea kijana yule habari ya nabii Elia katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, na tuitazame hapa pia, kwani ndiyo habari kubwa kuliko zote za mvua ya kwanza. Ilikuwa wakati wa Ahabu, mfalme wa Israeli, aliyetawala kwenye nusu ya kwanza ya karne ya 9 kabla ya Kristu. Mkewe Yezabeli alikuwa binti ya Itobaali, mfalme wa Wafinisia, ambao mungu wao Baali walimwita mpanda mawingu. Tangu mwaka 1929 wachimbaji huko Ras Shamra, katika Siria, wamepata vibao vya udongo vinavyosimulia habari za Baali huyo: anauawa na Moti, ambaye ni mauti, nchi inakauka, kisha anarudi na mvua yarudi. Kwa hiyo Elia alipotangaza kwamba hakutakuwa umande wala mvua, aligusa mahali palepale ambapo Baali alidaiwa kuwa na nguvu.

Wasomaji wengine wametuuliza: Kitabu cha Wafalme chasema neno la Bwana lilikuja katika mwaka wa tatu, lakini Bwana Wetu katika Injili ya Luka, na Mtume Yakobo pia, wataja miaka mitatu na miezi sita. Je, hesabu zapingana? Wafafanuzi wengi hujibu kwa kiangazi. Mvua ya mwisho hunyesha Aprili. Kuanzia hapo mpaka Oktoba hakuna anayeshangaa, kwani ni kiangazi cha kila mwaka. Oktoba ndipo watu wanapoanza kuhesabu: mvua haikuja, wala mwaka wa pili, wala wa tatu. Basi ukihesabu tangu siku mvua ilipotazamiwa, ni miaka mitatu. Ukihesabu tangu tone la mwisho, ni miaka mitatu na nusu. Mtu wa Katanga aweza kulielewa jambo hilo upesi kuliko mtaalamu wa Ulaya ambaye kwake mvua hunyesha kila mwezi. Tena mwanahistoria Myahudi Yosefu, wa karne ya kwanza, amehifadhi neno la mwandishi mmoja wa kipagani, Menandri, kwamba wakati wa Itobaali palikuwa na ukame kutoka mwezi wa Hyperberetaios mpaka mwezi uleule wa mwaka uliofuata. Mwezi huo ni karibu na Oktoba wetu. Hesabu yake ni fupi kuliko ya Maandiko, lakini angalieni: hata yule mpagani alianza kuhesabu pale mvua ya kwanza ilipokosekana.

Ahabu na mkuu wa nyumba yake Obadia waligawana nchi, huyu njia hii na yule njia ile, kutafuta majani ya kuokoa farasi na nyumbu. Twasoma na kuona: mfalme atafuta chakula cha farasi wa vita vyake. Naye alipokutana na Elia, neno lake la kwanza lilikuwa kumwita mtaabishaji wa Israeli. Kijana wetu aliposikia hayo aliuliza: "Kumbe, hata mfalme alimtafuta mtu wa kumlaumu?" Tukamjibu ndiyo. Elia alimrudishia maneno: aliyeitaabisha Israeli ni nyumba ya mfalme mwenyewe.

Baada ya moto wa Karmeli Elia alipanda juu ya mlima, akajiinamisha mpaka uso wake ukawa katikati ya magoti. Akamtuma mtumishi wake atazame upande wa bahari. Kwa nini bahari? Kwa sababu huko mvua hutoka magharibi, kutoka Bahari ya Kati. Na Bwana Wetu naye aliwaambia makutano kwamba wakiona wingu likipanda kutoka magharibi husema mara moja mvua yaja. Mara sita mtumishi akasema hakuna kitu. Mara ya saba akaona wingu dogo kama mkono wa mtu. Elia akamwambia Ahabu atandike gari lake ashuke kabla mvua haijamzuia. Wapenzi, gari la farasi katika bonde la Yezreeli lenye udongo mzito mweusi huzama mvua ikianza, kama malori yanavyozama kwetu mwezi wa Januari. Elia alikuwa mtu wa Mungu, na tena alijua barabara.

Hatuwezi kumwacha Onia. Mishna humwita Honi mchora duara, Yosefu humwita Onia. Yasimuliwa kwamba watu walimwomba aiombe mvua. Kwanza aliwaambia wayaingize ndani majiko ya udongo ya kuokea Pasaka yasije yakayeyuka, kisha akasali, na hakuna mvua. Akachora duara akasimama ndani, akamwambia Mungu hatatoka mpaka awahurumie watoto wake. Yakaanguka matone machache. Akasema si hayo niliyoomba. Ikaja mvua kali ya kuharibu. Akasema si hiyo. Ndipo ikanyesha mvua ya kawaida, kwa muda mrefu, hata watu wakamwomba aiombe ikome. Hiyo ni simulizi. Lakini kifo chake ni historia ya Yosefu. Mwaka 65 kabla ya Kristu ndugu wawili wa ukoo wa kifalme, Hirkano na Aristobulo, walipigania ufalme, na watu wa Hirkano waliouzunguka Yerusalemu walimleta Onia wakitaka awalaani waliomo ndani. Yeye akamwomba Mungu asiyasikilize maombi ya hawa juu ya wale, wala ya wale juu ya hawa. Wakampiga kwa mawe akafa. Yosefu aongeza kwamba baada ya uovu ule upepo mkali uliharibu mazao ya nchi, hata kipimo kimoja cha ngano kikauzwa kwa drakma 11. Mtu aliyeomba mvua kwa ajili ya wote aliuawa kwa sababu hakutaka kuomba dhidi ya nusu yao.

Kanisa nalo lilirithi desturi ya kuombea mashamba. Karibu na mwaka 470 Mtakatifu Mamerto, askofu wa Vienne katika nchi ya Ufaransa, aliagiza siku tatu za kufunga na maandamano kabla ya sikukuu ya Kupaa Bwana, kwa kuwa mji wake ulikuwa umepatwa na misiba. Mwaka 511 mtaguso wa Orléans ulieneza desturi hiyo. Yalikuwa maandamano mazuri, msalaba mbele, watu wakizunguka mashamba na kuimba litania ya watakatifu. Lakini kwetu siku hizo huangukia Aprili na Mei, mvua inapokwisha na mahindi yanapokauka; wazee wetu walifuata msalaba kuombea shamba ambalo tayari lilikuwa linavunwa. Hawakunung'unika. Tangu mwaka 1969 Kanisa limewaachia maaskofu wa kila nchi wachague wakati ufaao, na jambo hilo ni jema. Kitabu cha zamani cha baraka kilikuwa pia na baraka ya mbegu kwa sikukuu ya Kuzaliwa Bikira Maria, 8 Septemba. Hiyo yatufaa kabisa, kana kwamba iliandikwa na mtu aliyewahi kulala Katanga.

Katika kituo chetu tuna desturi: mbegu huletwa altareni katika Septemba, kila nyumba kikombe kimoja, mahindi, maharagwe na karanga, katika vikapu visivyoandikwa jina. Baada ya Misa zachanganywa, na sehemu moja yawekwa sakristiani kwa ajili ya yule ambaye mvua ya uwongo itamdanganya. Kila mwaka yuko mmoja. Mama yule mjane, mpaka alipofariki, alileta maharagwe yake katika kisahani cha bati, kwa kuwa hakununua tena vyungu.

Mwaka huu mvua ya kwanza imetukuta tukifundisha watoto darasani. Tumewaacha watoke. Jioni mzee jirani yetu amekwenda shambani na jembe, akachimba mahali pamoja, akaingiza mkono: kiganja kimoja na vidole viwili. Amerudi akaliweka jembe ukutani, akasema bado.